Sekunde Tatu za Chiriku

Kazini hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Mama Vishindo, na jina hilo lilikuwa limemkaa kama kiatu kilichozoea mguu: halikumbana, halikumpwaya. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye viganja vipana na magoti yaliyokwisha kuanza kulalamika. Kwa miaka ishirini na minane kazi yake ilikuwa kutembea, kukimbia, kuanguka, kuogelea na kutafuna kwa niaba ya wanyama ambao hawakuwahi kuwapo duniani.

Yeyote aliyewahi kuwa mtoto siku ya Jumamosi, saa kumi jioni, anamjua Kitonge. Ni nungunungu mdogo, mviringo kama mpira, mwenye skafu nyekundu shingoni na miiba laini isiyoweza kumchoma hata inzi. Anaishi ndani ya buti lililotupwa, pamoja na Konokono ambaye siku zote ana haraka, na Shangazi Chura anayeogopa maji. Watoto waliomtazama Kitonge mwaka wa kwanza sasa wana watoto wao, na hao nao wanamtazama. Ukimwuliza yeyote kati yao Kitonge akitembea anasikikaje, atakujibu bila kufikiri: ti-ti-ti-ti-ti.

Hiyo ti-ti-ti ni Mama Vishindo. Ni vidole vyake vinne, kila kimoja kimevishwa kifuniko cha soda, vikikimbia juu ya sinia la bati.

Watu hudhani katuni huja na sauti zake kama kuku anavyokuja na manyoya. Haiji nazo. Picha hufika kutoka kwa wachoraji zikiwa bubu, na lazima mtu akae mbele yake azipe pumzi, moja baada ya nyingine. Konokono akipita, ni kipande cha sabuni kinachosuguliwa juu ya kioo kilicholowa. Mvua ni dengu kavu zinazomiminwa polepole juu ya karatasi ngumu. Shangazi Chura akiruka, ni mpira wa maji ya moto unaobanwa na kuachiwa, pwata! Na zile nyasi ndefu anamopita Kitonge kila anapokwenda kwa rafiki zake, zile ambazo watu wazima wakizisikia leo hufumba macho na kukumbuka zulia la sebuleni kwao, hazikuwa nyasi hata siku moja. Ni utepe wa kaseti mbovu, fungu zima, ukikanyagwa kwa soksi.

Wachoraji nao walikuwa na siri zao. Kitonge hakuvikwa skafu kwa sababu ya baridi. Mwaka ule wa kwanza kichwa chake kilichorwa na mtu mmoja na kiwiliwili na mwingine, na watu hao wawili walikuwa wamenuniana, hawasemezani, kwa hiyo kichwa na kiwiliwili havikukutana vizuri shingoni. Skafu ikafunika ugomvi. Baadaye wachoraji wale walipatana, mmoja akawa msimamizi wa harusi ya mwenzake, lakini skafu ilikuwa imeshapendwa na haikuvuliwa tena.

Chumba cha Mama Vishindo kilikuwa mwisho wa korido ya kituo cha televisheni. Zamani kilikuwa stoo ya mafagio, na hakikuwa na dirisha. Kuta zote zilitundikwa mablanketi ya kijivu ya kumeza mwangwi. Rafu zilijaa viatu visivyo na wenzake, makufuli, bawaba, kengele za baiskeli, vijiko. Mlangoni palikuwa na kibao kilichoandikwa KIMYA, na chini yake mzaha wa mtu kwa kalamu: hata kama unakufa, kufa taratibu. Friji ya chumba cha habari, jirani yao, ilinguruma mpaka ukutani, kwa hiyo iliwabidi waichomoe kila waliporekodi, na mara nyingi walisahau kuirudisha.

"Mama Vishindo, umetuulia maziwa tena!" mhariri wa habari alikuwa akipiga kelele koridoni.

"Maziwa yenu yamekufa kwa ajili ya sanaa," naye alimjibu. "Yazikeni kwa heshima."

Sauti ya Kitonge yenyewe, ile nyembamba ya kitoto, ilikuwa ya mwanamume mwenye ndevu na kitambi, mwimbaji wa kwaya waliyemwita Besi. Besi aliweza kuipandisha sauti yake ikawa ya mtoto wa miaka mitano aliyetoka kuamka. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni kucheka. Maneno unaweza kuyaigiza, lakini kicheko humsuta mwenyewe. Kila Besi alipojaribu, alicheka mtu mzima mwenye ndevu na kitambi.

"Tafuteni mtoto," mwongozaji akaamuru.

Mama Vishindo hakuwa na mtoto, wala hakuja kuwa naye. Lakini mdogo wake, wa tumbo moja, alikuwa na binti wa miaka sita ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa sababu alinyamaza akiwa amelala tu, na hata huko usingizini alikuwa akijibizana na watu. Mama mtu alikuwa zamu kazini, hivyo Alhamisi moja mchana Mama Vishindo alimchukua Chiriku mwenyewe, akampandisha juu ya kreti mbele ya maikrofoni, na mtambo ukaanza kuzunguka.

Kumwamuru mtoto acheke ni kama kumwita paka. Chiriku alitamka "ha, ha, ha" kama anayesoma kitabu cha darasa la kwanza, kisha akaendelea na mambo yake. Aliongea saa nzima. Fundi hakuuzima mtambo, maana mtoto akiona unazimwa na kuwashwa anajikaza. Mwishowe Besi, aliyekuwa amechoka kumtekenya kwa maneno, aliinama kuokota karatasi yake. Suruali ikaachia kutoka kiunoni hadi pajani. Chwaaa!

Besi akajishika nyuma kwa mikono miwili. Kisha Chiriku akacheka.

Kicheko kile kilianzia tumboni, kikapanda kama mtu anayeruka ngazi mbilimbili, kikateleza juu kabisa, kikaporomoka, na mwisho wake kikawa kwikwi. Sekunde tatu, si zaidi. Mpenzi wa Kitonge akitega sikio vizuri, kabla ya kicheko hicho atasikia kitu kama karatasi inayochanwa. Ndiyo suruali ya Besi. Imo katika kila kipindi mpaka leo.

Hapo sasa yafaa ijulikane desturi moja ya chumba kile. Utepe wa kurekodia ulikuwa adimu. Ulikuja mara mbili kwa mwaka, na wakati mwingine haukuja. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja: chukua unachohitaji, futa kilichobaki, siku hiyohiyo, kabla hujaenda nyumbani. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Ilikuwa kama kuosha sufuria baada ya kula. Jioni ile Mama Vishindo, akiwa amekwisha kumrudisha Chiriku kwao, alirudi kazini, akazihamishia zile sekunde tatu mwanzoni mwa utepe, na juu ya saa nzima iliyobaki akarekodi hatua za Kitonge akishuka ngazi, lango likifunguliwa, na mvua. Akautia kwenye boksi na kuandika ubavuni: *Kicheko. Chiriku, mtoto wa mdogo wangu.*

Mwaka uliofuata Chiriku alipata homa. Ilimchukua siku tatu.

Kuna jambo la siku ya mazishi ambalo Mama Vishindo hakumsimulia mtu. Walipokuwa wanautoa mwili nyumbani, lango la ua lililia kwa bawaba zake, kilio kirefu chembamba, na kabla hajajizuia alijikuta anawaza: mlio huu ungefaa. Hakuwahi kujisamehe wazo lile. Lakini sikio lake ndivyo lilivyokuwa. Lilisikia sauti kwanza, kisha watu baadaye.

Wiki mbili baada ya mazishi mdogo wake alimjia.

"Dada, kile kicheko," alisema. "Kitoe. Siwezi kukaa kwenye dunia ambayo yeye hayupo halafu kicheko chake kinacheza kila Jumamosi."

"Nitakitoa, mdogo wangu."

"Uniahidi."

"Nimekuahidi."

Na alijaribu. Aliita watoto kumi na wawili, akawapandisha mmoja mmoja juu ya kreti lilelile. Walicheka kama mbuzi, walicheka kama milango, mmoja alicheka kama karani anayefurahisha bosi. Mwongozaji alisikiliza wote, akatikisa kichwa. "Watoto wameshakizoea kile," alisema. "Ukiwabadilishia watajua." Wiki zikapita. Mdogo mtu hakuuliza, na dada mtu hakusema. Jambo likishanyamaziwa mwaka mmoja, mwaka wa pili huwa rahisi zaidi, na kufikia wa tano linakuwa kama kabati kubwa sebuleni: kila mtu analizunguka, hakuna anayeligusa.

Walizunguka hivyo miaka ishirini na sita.

Kisha kituo kikaamua kuandaa kipindi maalumu juu ya Kitonge na yaliyo nyuma ya Kitonge, na kazi hiyo akapewa mtangazaji kijana aliyekuwa amekua pamoja na katuni yenyewe. Binti huyo aliingia katika stoo ya zamani ya mafagio kama mtu anayeingia mahali pa ibada. Alipoliona sinia la bati, machozi yalimlengalenga.

"Ndilo hili? Ndilo lenyewe?"

"Ni sinia tu, mwanangu."

"Wewe unaliita sinia, mama. Mimi nilikuwa natembea kama hili kwenda shule. Ti-ti-ti mpaka getini. Mwalimu akaniuliza kama nina funza."

Mama Vishindo akacheka, akamruhusu ajaribu vifuniko vya soda. Vikamdondoka vyote. Mtangazaji akaendelea kuchungulia rafu, akiuliza hiki na kile, akiandika, mpaka mkono wake ukagusa boksi la chini kabisa. Akalisoma ubavuni.

"Chiriku ni nani?"

Mama Vishindo aliinama kuokota vifuniko vya soda.

"Mama, watu wanauliza miaka yote nani anacheka," mtangazaji akaendelea. "Wengine wanasema ni Besi, wamemharakisha kwa mitambo. Wengine wanasema hakuna mtu, ni mashine. Kumbe ni mtoto? Yuko wapi sasa? Atakuwa mtu mzima!"

"Njoo Alhamisi na kamera zako," Mama Vishindo alisema, akalichukua boksi mkononi mwake taratibu. "Nitakwambia. Kuna mtu lazima nimwambie kwanza."

Mdogo wake alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, kazi aliyoifanya tangu ujana. Mama Vishindo alimkuta amesimama katikati ya mvuke, mashati yananing'inia nyuma yake kama foleni ya watu waliokonda.

"Dada! Leo jua limechomoza upande gani?"

"Palepale pa siku zote. Nimekuja kukuona."

"Hujawahi kuja kuniona siku ya kazi. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi kaa. Lakini usiegemee hilo shati, ni la hakimu. Ukilikunja tutafungwa sote wawili."

Mama Vishindo akakaa. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, lakini sasa yalimpotea yote, akabaki na yale machache yasiyo na nguo.

"Watu wa kamera wanakuja kuuliza kile kicheko ni cha nani, mdogo wangu. Sikukitoa."

Pasi iliendelea na safari yake kwenye mkono wa shati, ikafika kwenye kifungo, ikakizunguka.

"Najua," mdogo wake alisema.

"Unajua?"

"Dada, hiyo katuni iko kila mahali. Iko kwa daktari wa meno. Iko dukani kwa muuza viatu. Ulitaka nikaishi mwezini?" Aligeuza kola. "Mara ya kwanza kukisikia nilitoka nje nikatapika. Mara ya pili nililia. Mara ya tatu nikakaa mpaka kipindi kikaisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe?"

Mama Vishindo akainamisha kichwa. Mdogo wake akaisimamisha pasi, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

"Nilikasirika, sikufichi. Kwako nilikuwa nakuja nanywa chai yako, ndani ya moyo nakutukana. Halafu siku moja nikawaza: kama dada amekiweka kicheko, basi ameweka vyote. Mtoto alikaa mle saa nzima. Alirudi anasema kaimba, kauliza maswali, kasimulia hadithi. Nikasema, iko siku dada atajikaza, ataniletea. Sikutaka kukusukuma. Wewe tangu utoto ukisukumwa unavunja vitu."

Mama Vishindo aliyahamishia macho yale mashati yaliyoning'inia kwenye mvuke.

"Kicheko nakijua," mdogo wake aliendelea, sasa sauti imeshuka. "Nchi nzima inakijua. Lakini sauti yake ya kuongea imenitoka, dada. Ile anayosema mama nipe maji. Nikijaribu kuikumbuka nasikia sauti yangu mwenyewe. Hiyo kamera ni lini?"

"Alhamisi."

"Nitaomba ruhusa. Nitakuja kabla yao, nisikilize kwanza mimi. Saa ngapi?"

Hapo ndipo pa kusema. Mama Vishindo alifungua kinywa, akaona uso ule uliokuwa umesubiri miaka ishirini na sita bila kusukuma.

"Njoo saa tatu," alisema.

Siku ile na iliyofuata alishusha kila boksi lililokuwa rafuni. Alisikiliza yote, ingawa alijua, kwa sababu mtu aliyepoteza kitu hukitafuta hata ndani ya birika. Alipata bata, treni, na mwaka mzima wa milango. Chiriku hakumpata.

Jumatano mchana alifanya jambo alilolionea haya muda wote uliofuata. Alikaa mbele ya maikrofoni, akaibana sauti yake, akasema maneno machache ya kitoto. Akayaharakisha kidogo kwa mtambo. Akayatia ukungu wa utepe mkuukuu, ule mchakacho unaofanya sauti isikike kama imetoka mbali. Kisha akasikiliza. Ilikuwa kazi safi. Ilikuwa kazi safi kuliko nyingi alizowahi kufanya, na ndilo lililomtisha. Mdogo wake amekiri kwa kinywa chake kwamba ameisahau ile ya kweli. Angeamini. Angelia, angeshukuru, angeenda nayo nyumbani na kuilaza karibu na mto wake, na mle ndani asingekuwamo mtoto wake. Mama Vishindo akabonyeza kitufe, akaifuta.

Alhamisi saa tatu kasorobo mdogo wake alikuwa mlangoni. Alivaa gauni lake la kanisani, lililonyooshwa kama karatasi. Aliyatazama mablanketi ukutani, akaligusa moja.

"Kwa hiyo ni humu."

"Ni humu."

Alimkalisha, akamvisha hedifoni, akauweka utepe. Angeweza kusema kabla ya kubonyeza. Hakusema. Vigurudumu vikaanza kuzunguka, na akamwona mdogo wake akishtuka mabega, kisha akatabasamu huku machozi yanamtoka: suruali ya Besi, kicheko, kwikwi. Kisha tabasamu likatulia mahali pake, likisubiri.

Mama Vishindo alijua kinachofuata masikioni mwa mwenzake. Ti-ti-ti, ngazi. Ti-ti-ti. Lango. Mdogo wake aliinua kidole kimoja, kama anayesema ngoja, atarudi. Dakika ikapita. Ya pili. Mvua ikaanza, dengu juu ya karatasi. Kidole kilikuwa bado juu.

Mama Vishindo akausimamisha mtambo.

"Hakuna zaidi," alisema. "Vua, mdogo wangu. Hakuna zaidi. Nilifuta."

Mdogo wake akazivua hedifoni polepole, akazishika mapajani kwa mikono miwili.

"Lini?"

"Siku ileile. Nilimrudisha nyumbani, nikarudi hapa, nikafuta."

"Kwa nini?"

"Ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Utepe ulikuwa haba. Unachukua unachotaka, kingine unafuta." Aliligusa lile boksi. "Alikuwa hai. Alikuwa uani anaruka kamba. Nani anaweka akiba ya sauti ya mtoto anayeruka kamba uani? Nilidhani nikimtaka, nitamleta Alhamisi nyingine."

Mdogo wake hakulia. Aliutazama utepe.

"Hizo hatua ni zako?"

"Zangu."

"Kwa hiyo umetembea juu yake."

"Ndiyo," Mama Vishindo alisema.

Hakujitetea zaidi ya hapo. Koridoni mtu alipita na kikombe kinachogongana na kisahani chake, akapotea. Hatimaye Mama Vishindo akasema, "Jana nilitaka kukudanganya. Nilikutengenezea nyingine."

"Ningejua?"

"Usingejua."

Mdogo wake aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea kitu kizito na kukiweka chini.

"Iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Angalau hiyo," mdogo wake alisema. Kisha akauliza, "Wewe ulikuwepo. Alisema nini?"

"Alitaka kujua kama Kitonge ana mama. Nikamwambia sijui, akanambia nikamuulize mwenye katuni. Akauliza kwa nini kuta zimefunikwa mablanketi, kuta zinasikia baridi? Aliimba wimbo mmoja, ubeti wa kwanza tu, aliurudia mara nne. Akanisimulia kwamba wewe unaficha sukari ndani ya kopo la chumvi."

Mdogo wake akaziba mdomo kwa kiganja. Kilichotoka nyuma ya kiganja kilikuwa nusu kicheko.

"Kumbe alijua!"

"Alijua. Alisema analamba kidole anachovya, kisha anaisawazisha sukari juu usione."

"Mshenzi yule," mama yake alisema kwa upole mkubwa. Kisha uso ukafunga tena. "Sijakusamehe, dada. Usije ukadhani kwa sababu nimecheka."

"Sidhani."

"Hao watu wa kamera ukiwaambia, waambie yote. Usiwape kicheko peke yake kama zawadi. Waambie na ulichofanya."

Kamera zikaja saa nne. Mtangazaji alimwamkia mgeni kwa adabu, akaambiwa huyu ndiye mama wa Chiriku, na hakuuliza neno jingine. Fundi alitaka mgeni akakae chumba cha pili nyuma ya kioo, lakini yeye alivuta kiti akakaa karibu na mlango, mkoba mapajani.

Mama Vishindo alionyesha sinia, sabuni, dengu na utepe wa kaseti. Alisimulia suruali ya Besi, mpiga kamera akatikisika mabega. Kisha mtangazaji akamuuliza kwa sauti ya chini anayecheka ni nani, naye akalitazama lile jicho jeusi la kamera na kusema. Alitaja jina la mtoto, lake na la baba yake. Alisema alikuwa na miaka sita, kwamba homa ilimchukua mwaka uliofuata, kwamba mama yake aliomba kicheko kitolewe na yeye hakukitoa. Akasema pia kwamba mtoto yule aliongea saa nzima ndani ya chumba hiki, na kwamba yeye, kwa mikono yake hii, aliyafuta maneno yote akaweka nyayo za nungunungu.

Karibu na mlango mtu alilia, mara moja, kwa nguvu, kama aliyechomwa.

Fundi akainua mkono. "Samahanini. Kuna sauti imeingia. Itabidi turudie kuanzia pale kwenye jina."

"Iache," Mama Vishindo alisema.

"Itasikika, mama."

"Isikike. Mimi nimefuta vya kutosha."

Fundi akamtazama mtangazaji, mtangazaji akatazama sakafu. Ndipo mdogo mtu alipojifuta uso kwa kitambaa chake kilichopigwa pasi na kukunjwa mara nne, akasema kutoka pale alipokaa:

"Rudia, dada."

Wote wakageuka.

"Kilio changu wakiache, wakifute, shauri yao. Lakini jina la mwanangu umelimeza. Umelisema harakaharaka kama mtu anayepita makaburini. Lirudie."

Mama Vishindo akaomba maji, akanywa. Akamwomba fundi alisogeze maikrofoni karibu kidogo. Akangoja mpaka fundi alipoitikia kwa kichwa kwamba mtambo unazunguka, kisha akalitamka jina upya, lake kwanza, halafu la baba yake, polepole, kila herufi imekamilika, kwa sauti ya mtu aliyesimama kizingitini anamwita mtoto aje ndani.